Jinsi ya kutengeneza biti ya dembow ya Puerto Rico
Mdundo wenyewe, ambao ndio msingi wa reggaeton, ulitoka Jamaika. Miaka ya 1990 vijana wa San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, waliuchania mistari kwa Kihispania kwenye kanda za DJ Playero, DJ wa huko.

Weka tempo 95 (mapigo kwa dakika), ugawe baa moja, yaani mapigo manne, vipande 16. Kiki (ngoma nzito ya chini) iingie kipande cha 1, 5, 9 na 13. Snea (ngoma yenye mlio mkali) 4, 7, 12 na 15. Ile snea ya 4 ndiyo roho ya biti: wengi huisogeza hadi 5, ikaangukia juu ya kiki, na mtikisiko wote wa kiuno ukapotea. Besi iwe fupi, la sivyo itaimeza kiki.

Ukitaka dembow ya Jamhuri ya Dominika, pandisha tempo hadi 120 hivi, punguza ala, na urudierudie kipande kifupi cha sauti.