Jinsi ya kuomba cheti cha usafi wa mimea kwa mazao yanayokwenda Uingereza

Wasafirishaji wengi wa Kenya huanzia mwisho: wanavuna, wanafungasha, kisha wanampigia simu afisa wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, aje kukagua. Kwa pilipili, mishiri au maua yanayokwenda Uingereza, kazi inaanza kabla ya kupanda, kwa kusoma sheria ya kule mzigo unakoshukia. Cheti ni ushahidi wa serikali kwamba zao lilikuzwa na kukaguliwa kama sheria ile inavyotaka, na afisa hawezi kushuhudia jambo ambalo halikufanyika shambani.

Kwanza muulize mnunuzi mzigo unashuka wapi hasa. Jibu la "Uingereza" halitoshi. Kule afya ya mimea imegatuliwa, na Uskoti na Wales zina mamlaka yao. Waziri wa London akitaka kubadilisha orodha ya wadudu na masharti ya kuingiza mimea kwa England, Uskoti na Wales kwa pamoja, sharti apate ridhaa ya serikali za Edinburgh na Cardiff. Serikali ya Uskoti nayo hulijulisha bunge lake kabla ya kuridhia, na kamati husika kwa kawaida hupewa hadi siku 28 kulitazama jambo hilo. Ridhaa ikipatikana, kanuni ni moja kote huko, kwa hiyo mzigo wa Heathrow na wa Glasgow utakaguliwa kwa vigezo vilevile. Taarifa hizo za ridhaa huwekwa wazi kwa umma, na mimi nawasihi wasafirishaji wazifuatilie, kwa kuwa zinakuonyesha sharti jipya linakuja hata kabla halijaanza kutumika.

Belfast ni habari nyingine. Ireland Kaskazini bado inafuata sheria za Umoja wa Ulaya za afya ya mimea. Mfano ni mawaridi: tangu 26 Aprili 2025 Umoja huo una masharti makali zaidi kwa mawaridi ya Afrika kwa sababu ya nondo aitwaye Thaumatotibia leucotreta. Usichukue karatasi za mzigo wa London ukazitumia kwa mzigo wa Belfast.

Usajili hauna mengi. Pata leseni ya kusafirisha mazao ya bustani kutoka Kurugenzi ya Mazao ya Bustani iliyo chini ya AFA (Mamlaka ya Kilimo na Chakula), uwe na PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato), kisha ufungue akaunti KEPHIS. Andaa orodha ya wakulima wako na mashamba yao. Boksi likipungua, usilijazie pilipili za sokoni, maana hujui zimetoka wapi na ukiulizwa hutakuwa na jibu.

Ukijaza maombi mtandaoni, andika jina la msafirishaji na la mpokeaji, idadi ya maboksi na alama zake, uzito, mahali zao lilipotoka, njia ya usafiri, mahali pa kuingilia na jina la kitaalamu la mmea, kama Capsicum annuum kwa pilipili hoho. Kila kitu kilingane na ankara na hati ya mzigo ya ndege. Maboksi 120 kwenye cheti na 118 kwenye ankara yanatosha kuuzuia mzigo.

Sehemu inayoangusha wengi ni tamko la ziada. Hapa ndipo KEPHIS inapothibitisha, kwa maneno ambayo sheria ya nchi inayopokea imeyaweka, kwamba sharti maalumu limetimizwa. Chukua pilipili. Mwaka 2018, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, lilianza sharti la kuzuia nondo yuleyule wa mawaridi. Nchi iwe haina mdudu huyo, au eneo liwe halina, au shamba lenyewe likaguliwe na kuthibitishwa, au zao lipitie tiba inayomuua. Kenya nondo yupo, kwa hiyo njia ya kwanza imefungwa. Ukichagua njia ya shamba, afisa atadai kumbukumbu za mitego, tarehe za ukaguzi na majina ya waliokagua. Kumbukumbu hizo haziandikwi usiku wa kuamkia safari. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma toleo linalotumika wiki unayosafirisha na umpe afisa maneno yake kamili.

Siku ya ukaguzi, iwe kwenye ghala lako la kufungashia au uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, toa maboksi yote yaonekane. Afisa huchagua sampuli, akainua kikonyo cha pilipili na kupasua tunda, kwa sababu kiwavi hujificha ndani na tundu alilopitia linaweza kufunikwa na kikonyo. Wewe fanya hivyo kabla yake. Angalia pia paleti za mbao unazopangia maboksi: ziwe zimechomwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo na zina muhuri wenye herufi HT.

Cheti kikitoka, kisome mstari kwa mstari. Kisiwe kimetolewa zaidi ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini. Kosa likiwepo, usilisahihishe kwa kalamu, omba kingine. Mtumie mnunuzi nakala mapema, kwa sababu yeye ndiye anayeutangaza mzigo kwenye IPAFFS, mfumo wa mtandaoni wa Uingereza wa kutangaza mizigo inayoingia, na kwa mzigo wa ndege muda usipungue saa 4 za kazi kabla ya kutua.

Mzigo ukikutwa na mdudu, unaweza kuteketezwa, na taarifa itarudi KEPHIS. Simamisha uvunaji wa kitalu kilichohusika siku hiyohiyo, ongea na mkulima, na uwapelekee KEPHIS maandishi ya ulichorekebisha kabla ya kutuma maombi mengine.