Kumtoa Elizabeth wa Kwanza kwenye mchoro hadi picha ya leo

Kazi yangu ya kila siku ni kusafisha picha za harusi, na ndicho kilichoniponza nilipojaribu mara ya kwanza kumgeuza Elizabeth wa Kwanza, malkia wa Uingereza wa karne ya 16, awe kama mtu aliyepigwa picha leo. Nilimlainisha uso kama ninavyowalainisha maharusi. Dada yangu akachungulia kompyuta, akauliza, "Huyu anaolewa Jumamosi ipi?" Nikafuta, nikaanza upya.

Nilitumia mchoro uitwao Darnley, wa mnamo 1575, ulioko National Portrait Gallery, London. Wachoraji waliofuata waliunakili sana uso huu, kwa hiyo ukianza na mchoro wa baadaye, huenda unanakili nakala. Pakua faili kubwa kabisa utakayoipata. Ndogo ukiikuza inabaki ukungu.

Usikimbilie ngozi. Anza na rangi. Weupe ule wa chokaa si wake wote: rangi nyekundu aliyotumia mchoraji imefifia, wekundu wa mashavu ukapotea, na gauni lililokuwa jekundu likageuka kahawia. Balozi wa Venice, Giovanni Michiel, aliandika mwaka 1557 kuwa ngozi ya Elizabeth ilielekea rangi ya zeituni. Basi, kwenye programu yako ya kuhariri picha, ongeza leya (tabaka) ya rangi juu ya uso, shika brashi laini yenye nguvu ya asilimia 8 hivi, upake wekundu mashavuni, puani, masikioni na kwenye kope za chini. Kidogo kidogo, mara nyingi. Ukiona mashavu kabla hujaona macho, umezidisha.

Hapo alikuwa na miaka kama 42, na mwaka 1562 alikuwa ameugua ndui. Tafuta picha ya bure ya mwanamke wa umri huo mwenye nywele nyekundu, iliyopigwa nje siku ya mawingu, uazime vitundu vya ngozi na mikunjo yake. Makovu mawili karibu na sikio ni ya kubuni kwangu. Programu za akili mnemba humpa midomo minene na ngozi ya plastiki. Mimi huziachia nguo tu.

Mchoraji Nicholas Hilliard alieleza kwamba malkia alichagua kuketi bustanini mahali pasipo na kivuli chochote. Lakini uso usio na kivuli huonekana bapa, kwa hiyo weka chembamba chini ya pua, mdomo na kidevu. Machoni tia nukta moja nyeupe kila jicho, upande uleule. Zikipishana, malkia anapata makengeza. Nyusi ziache nyembamba vilevile. Ukizijaza, umechora mtu mwingine.

Nilimvika koti la damu ya mzee, lulu zake nikaziacha. Kazi ngumu ni shingo, maana kola ile ya marinda imeificha yote. Chukua ya yule mwanamke wa picha ya bure, uifanye nyeusi kidogo kuliko uso; ikilingana nao, kichwa kitaonekana kimebandikwa.