Tupa kuukuu usiitupe

Kama una tupa iliyoisha meno imelala tu nyumbani, hiyo ni chuma safi ya kisu cha mapambo. Yangu niliichonga umbo la sangara: kichwa ndicho mpini, jicho ni ribiti ya shaba. Wageni hapa Kirumba, Mwanza, wanacheka kwanza, bei wanauliza baadaye.

Ila usianze kuisugua hivyo hivyo, utamaliza misasa bure. Ipashe kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu, ilale humo hadi asubuhi. Italainika, na msumeno wa chuma utaikata vizuri. Ukishapata umbo, ipashe tena. Sumaku ikigoma kuinasa, iache motoni kidogo tu, halafu ichovye kwenye mafuta ya kupikia yaliyopata uvuguvugu. Fanyia nje na uvae glovu, mafuta huwa yanashika moto.

Hapo imekuwa ngumu, lakini inavunjika kama glasi (yangu ya kwanza ilianguka sakafuni, vipande viwili, kwisha habari). Isugue ing'ae, iweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja. Itoke na rangi ya majani makavu.

Kisanduku cha kuhifadhia kisu nimetumia mninga na bawaba ndogo, ndani kitenge cha samaki samaki. Ngozi hapana, inashika unyevu, na huku ziwani kutu haichelewi. Kabla ya kufunga, pangusa chuma kwa mafuta ya cherehani.