Kodi ya magari ikirudi bungeni: jinsi ya kuipinga ukasikika

Mimi ni wakala wa bima ya magari, na mwaka 2024 Mswada wa Fedha, yaani pendekezo la sheria ya kodi linalopelekwa Bungeni Kenya kila mwaka, ulitaka kutugeuza watoza kodi. Kila mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake anapokata bima, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Kampuni ya bima ingeikusanya na kuipeleka serikalini ndani ya siku tano za kazi. Isipokusanya, ingelipa kodi yote yenyewe pamoja na adhabu ya nusu yake.

Wakenya walipinga, na tarehe 18 Juni Kamati ya Fedha ikatangaza kuiondoa kodi hiyo. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya wabunge kuupitisha mswada uliobaki na waandamanaji kuingia Bungeni, Rais alikataa kuutia saini. Hata hivyo wazo la kodi ya magari lilikuwa limo tayari katika mkakati wa mapato wa Hazina ya Kitaifa kabla ya mswada ule kuchapishwa. Likirudi, nataka likukute umejiandaa.

Anza kwa kufuatilia kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo Mswada wa Fedha hufika Bungeni kati ya mwisho wa Aprili na Mei. Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge kwamba inapokea maoni, ikitaja siku ya mwisho. Muda huwa mfupi. Katiba, kifungu cha 118, inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, lakini maoni yanayofika baada ya siku ya mwisho hayamsaidii mtu.

Pakua mswada wenyewe uusome. Picha zinazozunguka WhatsApp haziaminiki, na ukinukuu kitu ambacho hakimo utapuuzwa hata kwa yale uliyosema kweli. Tafuta mambo matatu: kiwango, nani anakusanya, na nani amesamehewa. Mwaka 2024 waliosamehewa walikuwa ambulensi, magari ya serikali kuu na kaunti, ya jeshi, polisi na ujasusi, na wenye kinga za kibalozi. Mwenye pikapu ya kubeba mboga hakuwamo.

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo hoja ilipo. Gari la shilingi 800,000 lingelipa 20,000. La milioni 4 lingelipa 100,000. La milioni 20 nalo lingelipa 100,000 hiyo hiyo, yaani nusu ya asilimia moja. Mkweche wa shilingi 125,000 ungelipa 5,000, ambayo ni asilimia 4. Mwenye mkweche angebanwa mara nane zaidi ya mwenye gari la kifahari, kwa kulinganisha kodi na thamani ya gari. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Andika hesabu hiyo na kifungu hicho mkabala, bila kuongeza neno kali hata moja. Hesabu hiyo inatosha.

Hoja ya pili naijua kutoka kazini. Nina mteja anayekata bima ya mwezi mmoja mmoja kwa sababu hana za mwaka mzima kwa mkupuo. Kodi inayodaiwa bima inapotolewa, yeye angeilipa mara ngapi? Na ikimshinda, ataendesha bila bima. Siku akimgonga mtu, majeruhi ndiye atakayekosa fidia. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, ililazimisha bima ili kumlinda yule anayegongwa, na kodi iliyobandikwa kwenye bima inamsukuma dereva aikimbie. Nilipokuwa nikiwaeleza wateja, hoja hii ndiyo iliyowaingia hata wasio na gari, kwa kuwa kila mtu huvuka barabara.

Iko pia ya tatu: kodi hii ilipangwa ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato, ilhali gari lililoegeshwa nyumbani halina mapato yoyote.

Waraka wenyewe uwe mfupi, ukurasa mmoja au miwili. Juu weka jina lako, simu, na jina la mswada. Chini chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza, namba ya kifungu cha mswada. Ya pili, pendekezo: "Kifungu hiki kifutwe chote." Ya tatu, sababu: "Kima cha chini na cha juu vinamtoza mwenye gari la shilingi 125,000 asilimia 4, na mwenye gari la milioni 20 asilimia 0.5, kinyume na kifungu cha 201 cha Katiba." Tia sahihi, uutume kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na ubaki na nakala. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 120 kinakitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge.

Ukipata nafasi ya kuongea mbele ya kamati, utaulizwa pesa zitoke wapi basi. Usiseme hujui. Sema kwamba kila lita ya mafuta tayari ina tozo ya barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, na anayeendesha zaidi hulipa zaidi. Kisha uliza tozo hiyo inatumikaje.

Usimsahau mbunge wako. Baada ya mswada kusomwa mara ya pili, hujadiliwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, na hapo ndipo kodi moja inaweza kufutwa bila kuangusha mswada mzima. Nendeni kundi, wenye matatu, mabodaboda, wakulima wenye pikapu, mkamwombe ahadi mbele ya watu: atapiga kura ya kukifuta kifungu fulani. Tajeni namba yake.

Maandamano ni haki yako chini ya kifungu cha 37, kwa amani na bila silaha. Mwandaaji huwaarifu polisi siku 3 hadi 14 kabla. Vijana wetu waliuawa Juni 2024, kwa hiyo pangeni mapema njia ya kutokea, wakili wa kupigiwa simu na mtu wa huduma ya kwanza.

Kura ikishapigwa, soma Hansard, yaani rekodi rasmi ya mijadala ya Bunge, na ripoti ya kamati. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono mswada na 106 wakaupinga. Tafuta jina la mbunge wako, ulitume kwa kila aliyetia sahihi waraka wenu.