Kufunga Mashine ya RO Chini ya Sinki: Mwongozo kwa Nyumba za Dar es Salaam Zinazotumia Simtanki

Maelezo yanayokuja ndani ya boksi la mashine ya RO (reverse osmosis, yaani ya kuondoa chumvi kwenye maji kwa kuyasukuma kupitia utando) yameandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo maji yake yanatoka bombani na presha ya kutosha usiku na mchana. Nyumba nyingi za Dar es Salaam haziko hivyo. Maji ya DAWASA huingia kwa mgawo, huhifadhiwa kwenye simtanki lililopandishwa juu ya mnara, kisha hushuka jikoni kwa uzito wake tu. Kwingine, hasa ukikaribia bahari upande wa Kigamboni au Mbezi Beach, simtanki hilohilo hujazwa kutoka kisima kirefu chenye chumvi, au na boza pale mambo yanapokwama. Mashine iliyofungwa kwa kufuata maelezo ya boksi neno kwa neno itawaka, itanguruma, na itatoa maji tone kwa tone. Ndiyo maana kazi hii nimezoea kuianzia kwenye tangi, na sinki hufuata baadaye.

Kanuni yenyewe ni fupi. Maji husukumwa kwa nguvu dhidi ya utando wenye vinyweleo vidogo mno, vya takriban maikroni 0.0001. Sehemu ya maji hupenya ikiwa imeacha nyuma karibu chumvi yote, na sehemu iliyobaki huisomba chumvi hiyo na kuitoa nje kama mabaki. Bila presha hakuna kinachopenya, na bila njia ya mabaki utando huziba mapema.

Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kununua chochote

Nunua kwanza kipima TDS, kile kidogo cha mkononi kinachoingia mfukoni kama kalamu. Kinaonyesha kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita. Pima maji ya DAWASA peke yake, ya kisima peke yake, na ya boza peke yake, kwa sababu yakishachanganyika ndani ya simtanki utapata wastani usiokuambia lolote, na wiki inayofuata wastani huo utakuwa mwingine.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba yakizidi 1,000 ladha huzidi kuharibika. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa maji yasiyozidi 2,000. Kisima cha jirani na ufukwe ambacho maji ya bahari yameanza kukiingilia kinaweza kuvuka kiwango hicho, na hapo mashine ya chini ya sinki haifai kabisa, hata muuzaji akuahidi nini. Maji ya bahari yenyewe yana takriban miligramu 35,000 kwa lita, na kuyachuja kunahitaji presha ambayo pampu ndogo ya jikoni haiwezi kuikaribia.

Kipima TDS hakioni vijidudu. Maji ya kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo cha shimo yanaweza kusoma 300 na bado yakawa machafu kabisa, hivyo kama chanzo chako ni kisima, peleka sampuli maabara wapime vijidudu, naitreti na chuma. Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinahitaji kichujio chake cha awali, la sivyo utando utageuka rangi ya kutu na kuziba.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya presha

Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya takriban baa 1, yaani psi 14 hivi (baa na psi zote ni vipimo vya presha). Ikiwa uso wa maji kwenye simtanki uko mita 4 juu ya sinki, jikoni unapata baa 0.4, sawa na psi 6 tu. Utando wa nyumbani unahitaji angalau psi 40 ili ufanye kazi inavyostahili, na chumvi nayo hudai sehemu yake: kila miligramu 100 kwa lita hula karibu psi 1 ya presha uliyonayo. Ili kupata psi 40 kwa kimo peke yake ungelazimika kulipandisha simtanki karibu mita 28, ambacho ni kimo cha jengo la ghorofa tisa.

Nunua basi mashine yenye pampu yake, ile ya volti 24 inayokuja na adapta. Kama nyumba ina pampu kubwa inayosukuma maji ndani muda wote, unaweza kuiacha hii, lakini pima kwanza kwa geji na usimwamini mtu kwa maneno.

Kuhusu ukubwa, utando wa galoni 75 kwa siku hutoa, kwa mazingira ya kiwandani, takriban lita 284 kwa saa 24, au karibu lita 12 kwa saa. Familia ya kawaida inayotumia maji haya kwa kunywa na kupikia haihitaji zaidi ya hapo. Wauzaji wa Kariakoo hupenda kutaja idadi ya vichujio, vitano, saba, hata tisa, lakini kazi nzito hufanywa na vinne: cha kuzuia mchanga na tope, cha mkaa, utando wenyewe, na cha mkaa cha mwisho kinachoondoa harufu ya tangi dogo la kuhifadhia maji safi. Vingi kati ya vinavyoongezwa juu ya hivyo ni vya kurekebisha ladha.

Hatua ya 3: Andaa mahali na njia ya maji kuingia

Funga koki kuu, kisha fungua bomba la sinki mpaka maji yaishe. Kwenye koki ya nusu inchi iliyo chini ya sinki, fungua mpira unaopeleka maji bombani na uingize tii (kiungio cha njia tatu) iliyokuja na mashine, yenye koki yake ndogo ya kutolea mpira wa robo inchi. Hapa ndipo tepu ya tefloni inapotumika, mizunguko mitano au sita kufuata mwelekeo wa uzi. Mafundi wetu wengi wana mkono mzito wa tepu na huizungusha kila mahali. Viungio vya kusukuma vya mpira wa robo inchi havitaki tepu kabisa.

Angalia pia simtanki liko wapi. Tangi jeusi linalopigwa na jua la Januari kutwa nzima hutoa maji ya moto mchana, na vyombo vingi vya vichujio vimewekewa ukomo wa nyuzi joto 38. Ukiweza, liwekee kivuli.

Hatua ya 4: Koki ya kunywea na bomba la mabaki

Toboa sinki mahali ambapo koki haitagongana na sufuria. Kwa sinki la chuma kisichoshika kutu, piga alama kwa msumari ili biti isiteleze, anza na biti ndogo, umalizie na ya milimita 12, ukiendesha drili polepole na kudondoshea mafuta kidogo. Kwa marumaru au graniti tumia biti ya almasi na maji, bila mpigo wa nyundo. Jiwe likipasuka halirudi.

Kibano cha mabaki hufungwa kwenye bomba la maji machafu la sinki, juu ya kona inayobaki na maji, ili harufu ya chemba isirudi kwenye mashine. Toboa upande mmoja tu wa bomba. Mimi napendelea, pale nafasi inaporuhusu, kuupeleka mpira wa mabaki kwenye dumu au pipa nje ya jikoni, kwa sababu mashine hizi humwaga lita kadhaa kwa kila lita moja ya kunywa, na katika mji wa kununua maji kwa boza ni vigumu kuangalia kiasi hicho kikienda chemba. Kwa uwiano wa lita mbili za mabaki kwa moja ya kunywa, maji yaliyoingia na miligramu 1,200 hutoka kwenye mabaki na karibu 1,800: yanafaa choo na kudeki, lakini mchicha wako wa kwenye kopo hautayapenda.

Hatua ya 5: Mipira, pampu na swichi mbili

Mpira wa robo inchi ukatwe kwa wembe mkali, mkato ulionyooka kabisa. Ukikata kwa mkasi, mdomo hubonyea na kuwa wa yai, na hapo ndipo matone yanapoanzia. Lowesha ncha kwa maji, ingiza kwenye kiungio mpaka uhisi ukinzani wa kwanza, kisha sukuma tena mpaka uhisi umefika mwisho. Uvute kidogo kuhakikisha haurudi, halafu bana klipu ya rangi.

Mpangilio ni huu: koki ya kuingizia, kichujio cha tope, vichujio vya mkaa, swichi ya presha ndogo, valvu ya umeme, pampu, utando. Baadhi ya mashine huiweka pampu kabla ya vichujio, basi fuata mchoro wake. Mkaa lazima utangulie utando, kwa kuwa klorini iliyomo kwenye maji ya DAWASA huula utando wa aina hii taratibu na bila dalili, mpaka siku chumvi inapoanza kupita.

Chombo cha utando kina tundu moja upande wa kuingilia na mawili upande wa kutokea. Moja kati ya hayo mawili lina kiungio chenye valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi: hilo ndilo la maji safi. Lingine ni la mabaki, na mpira wake una kizuizi kinachobana maji ili presha ijengeke. Ukikisahau kizuizi hicho, maji yote yatakimbilia nje.

Sasa swichi. Ile ya presha kubwa hukaa kwenye njia ya maji safi na huzima pampu tangi dogo likijaa. Hiyo haina matata. Ya presha ndogo hukaa kabla ya pampu, na kazi yake ni kuizuia isizunguke pasipo maji. Tatizo ni kwamba ya kawaida inaweza isifunge saketi kabisa kwa psi 6 za simtanki: unachomeka umeme, kimya, au pampu inashtuka, inavuta, presha inashuka, inazima, inashtuka tena, tak, tak, tak, mpaka unachoka kuisikiliza. Fundi wa haraka huchomoa nyaya mbili za swichi na kuziunganisha, pampu ikanguruma vizuri na akalipwa. Siku simtanki likikauka, pampu hiyo itazunguka kavu mpaka iungue. Nunua swichi iliyotengenezwa kwa maji ya tangi, au weka ndani ya simtanki swichi ya boya inayokata umeme wa mashine maji yakipungua.

Adapta itundikwe ukutani, juu ya mahali maji yanapoweza kufika, na ichomekwe kupitia kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka.

Tangi dogo la kuhifadhia lina mpira wa hewa ndani. Kabla ya kuliunganisha, pima hewa kwa geji ya tairi la gari kwenye valvu iliyo ubavuni: iwe psi 5 hadi 7 tangi likiwa tupu. Ikipungua, ongeza kwa pampu ya baiskeli.

Hatua ya 6: Suuza kabla ya kunywa

Utando bado usiuweke. Elekeza mpira unaotoka kwenye vichujio vya mkaa ndani ya ndoo, fungua maji, na uyaache mpaka rangi nyeusi iishe kabisa. Vumbi hilo la mkaa likiingia kwenye utando halitoki. Kisha nawa mikono, weka utando, ukipaka mipira yake ya duara maji safi, na uwashe pampu ukiwa umefunga koki ya tangi. Acha koki ya kunywea wazi kwa dakika 30 hivi, halafu fungua tangi lijae, na umwage lote. Mwaga na la pili, kwa kuwa utando huja na dawa ya kuuhifadhi. Futa kila kiungio kwa karatasi ya chooni iliyokauka, ambayo huonyesha hata unyevu mdogo usioonekana kwa macho, na urudie kesho yake.

Hatua ya 7: Pima tena, na uendelee kupima

Tangi likijaa kwa mara ya tatu, pima maji yanayoingia na yanayotoka. Mfano, yakiingia 850 na kutoka 45, tofauti ni 805; gawanya kwa 850 na utapata asilimia karibu 95, ambayo ni nzuri. Ikishuka chini ya asilimia 90 kwenye mashine mpya, shuku kwanza utando ambao haukuingia mpaka mwisho. Usipime glasi ya kwanza ya asubuhi, kwa maana maji yaliyolala kwenye utando hubeba chumvi zaidi.

Kichujio cha tope kibadilishwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, na mapema zaidi masika, Mto Ruvu, yanakotoka maji mengi ya DAWASA, unapokuja na matope. Mkaa miezi 6 hadi 12. Utando miaka 2 hadi 3 kama maji si ya chumvi nyingi. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye chombo chenyewe, maana karatasi ya dukani itapotea.

Wanaofunga nyumba Desemba kwenda Moshi au Bukoba wachomoe umeme, wafunge koki ya kuingizia na wamwage tangi dogo lote. Maji haya hayana klorini tena, na yakikaa wiki tatu kwenye joto la Dar hayanyweki. Ukirudi, jaza tangi, mwaga, kisha jaza upya.