Namna mwalimu anavyoweza kujifunza mtandaoni na kurudi darasani na kitu mkononi

Kuna wakati nilikuwa mwanachama wa makundi kumi na moja ya walimu. Kila asubuhi nilikuta ujumbe zaidi ya mia: mitihani ya kupakua, matangazo ya semina, salamu, pongezi, video za walimu wakiimba na watoto. Nilipakua hadi simu ikajaa. Mwisho wa mwaka nilijiuliza ni jambo gani katika ufundishaji wangu limebadilika kwa sababu ya yote yale, nikakosa jibu. Niliumia, kwa sababu muda ule wote niliamini kwamba najiendeleza.

Nilibadilisha utaratibu. Sasa kila ninachojifunza mtandaoni huanzia kwenye swali lililotoka darasani kwangu, na sikihesabu kuwa nimejifunza mpaka kirudi darasani kikajaribiwa. Utaratibu wenyewe ni huu, na mwalimu mwenye simu moja na bando la kiasi anaweza kuufuata.

Hatua ya 1: Toka darasani na swali moja

Usiufungue mtandao kwanza. Tafuta jambo moja linalokusumbua, na liwe dogo. "Nataka kuwa mwalimu bora" ni nia nzuri, lakini huwezi kuitafutia jibu. "Kwa nini wanafunzi walewale wanne ndio wanaojibu kila siku?" ni swali unaloweza kulifanyia kazi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kujirekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege, fungua kinasa sauti, iache mezani kwako kwa dakika 10 za kipindi. Waambie wanafunzi kwamba unajirekodi wewe mwenyewe ili ujifunze, na kama shule yako inataka ruhusa, iombe kabla. Jioni sikiliza ukiwa na kalamu, uhesabu kitu kimoja tu: maswali uliyouliza, au sekunde ulizosubiri kabla ya kumtaja mtu.

Nilipojisikiliza mara ya kwanza niligundua kwamba siwaachii hata sekunde mbili. Nauliza, namtaja yuleyule aliyewahi kunyoosha mkono, au najijibu mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nikilalamika kwamba darasa langu halipendi kujibu.

Ukishahesabu, andika namba kwenye daftari kisha ufute rekodi. Namba ile utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Lipe tatizo lako jina

Ukiandika kwenye ukurasa wa kutafutia "wanafunzi hawajibu maswali", utaletewa ushauri wa jumla usio na mwanzo wala mwisho. Lakini matatizo mengi ya darasani yameshachunguzwa na yana majina, na ukilipata jina mlango unafunguka. Langu linaitwa muda wa kusubiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu, na kimya cha kutojua kilipungua. Yeye alizungumzia subira mbili: ile ya baada ya swali la mwalimu, na ile ya baada ya jibu la mwanafunzi. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika.

Jina utalipataje? Mweleze mwenzako tatizo kwa maneno ya kawaida, umuulize linaitwaje. Programu za akili bandia nazo husaidia hapa: eleza kinachotokea darasani, uliza watafiti wanakiitaje. Ziombe jina tu, kisha ukalitafute mwenyewe, maana programu hizi huweza kukutajia makala ambazo hazipo kabisa. Ukiwa na jina, nenda Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, au kwenye hifadhi ya ERIC ya serikali ya Marekani, ambako makala nyingi za elimu zinasomeka bure. Education Endowment Foundation ya Uingereza nayo ina muhtasari wa tafiti kwa lugha nyepesi, inayoonyesha kila mbinu ina ushahidi wa nguvu kiasi gani. Mimi husoma ufupisho wa makala na sehemu ya majadiliano kwanza; zile jedwali za katikati huzirudia nikiwa na sababu.

Hatua ya 3: Punguza unaowafuata

Toka kwenye makundi mengi. Ni hatua fupi lakini inauma. Mimi nilibakiza mawili. Kwenye mitandao ya wazi, mfuate mwalimu anayeonyesha kazi za wanafunzi, anayesema jaribio lake lilikwama wapi, anayejibu anapoulizwa. Anayeweka picha za kuta zilizopambwa na kiungo cha kununulia kila siku, mwache. Ukipata walimu kumi na watano wa kweli, wanatosha.

Alama ya reli (#), inayokusanya ujumbe wa mada moja, ni rafiki yako. Mwaka 2009 walimu walianza kukutana Twitter, ambayo leo inaitwa X, kwa alama #edchat: wanachagua mada, wanajadili kwa saa moja, na asiyewafahamu anaweza kuingia na kuuliza. Mtindo huo ulienea katika masomo na lugha nyingi. Tafuta alama ya somo lako, usome mazungumzo ya wiki mbili kabla ya kusema neno. Na fungua akaunti ya kazi, tofauti na ile unayowekea picha za familia. Wanafunzi na wazazi watakutafuta, amini.

Hatua ya 4: Uliza swali linalojibika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona maswali mengi mazuri yakifa kwa kuulizwa vibaya. Tazama hili:

*"Habari walimu. Naomba mbinu za kufundisha sehemu."*

Atakayejibu atakutumia andalio la somo alilonalo kwenye simu, nawe utashukuru, na hakuna atakayekuwa amejifunza. Sasa linganisha na hili:

*"Habari walimu. Nafundisha kujumlisha sehemu kwa watoto wa miaka 11. Nikiwapa 1/2 + 1/3, zaidi ya nusu ya darasa wanaandika 2/5. Nimeshatumia michoro ya mistatili. Kwenye mchoro wanapata, wakirudi kwenye tarakimu wanaangukia palepale. Aliyewahi kuvuka hapa, uliwauliza swali gani?"*

Swali la pili linasema unafundisha nini na unamfundisha nani, linaonyesha kosa lenyewe, linataja ulichokwisha kujaribu, na linaomba kitu kimoja kinachoweza kujibiwa kwa mistari mitatu. Niliposema hivyo kwenye kundi, mwalimu nisiyemjua alinijibu: waulize kwanza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2. Mtoto akiona kwamba ameongeza kitu juu ya nusu kisha akapata pungufu ya nusu, anashtuka mwenyewe. Nililijaribu kesho yake. Walishtuka, wakaanza kubishana wao kwa wao, na ubishi ule ulinifundishia kuliko nilivyokuwa nimefundisha siku tatu. Mpaka leo mwalimu yule namshukuru, na sura yake siijui.

Ukijibiwa, uliza tena. "Wakasema nini?" "Wale wasioshtuka uliwafanyaje?" Jibu la kwanza mara nyingi ni kichwa cha habari tu.

Hatua ya 5: Tazama video ukiwa umeshika kitufe cha kusimamisha

Ukitazama video ya somo moja kwa moja hadi mwisho, itakuburudisha. Ukitaka ikufundishe, isimamishe mwanafunzi anapotoa jibu, kabla mwalimu hajasema kitu. Andika wewe ungefanya nini. Kisha endelea, uone alichofanya, ulinganishe. Dakika 6 za video zinaweza kukuchukua nusu saa namna hiyo, na ni nusu saa nzuri. Kama bando ni dogo, punguza ubora wa picha. Kinachohitajika ni sauti na kuona ubao.

Hatua ya 6: Chuja kabla ya kusambaza

Mwalimu akisambaza uongo, unaingia madarasani. Pengine umewahi kuona ile piramidi inayosema watu hukumbuka asilimia 10 ya wanachosoma, asilimia 20 ya wanachosikia, na kuendelea hadi asilimia 90 ya wanachofanya. Huhusishwa na Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Dale kweli alichora umbo la pia (koni) mwaka 1946, lakini halikuwa na asilimia hata moja. Alikuwa anapanga aina za uzoefu, kutoka wa kushika kwa mkono hadi wa maneno matupu. Namba zilibandikwa na watu wengine baadaye. Zitazame tu zilivyo: utafiti gani halisi ungetoa 10, 20, 30 zilizopangika vizuri hivyo?

Vivyo hivyo kwa dai kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona, kusikia au kutenda, na kwamba afundishwe kwa mtindo huo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Harold Pashler, na wenzake walilipitia mwaka 2008, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kufundisha hivyo. Mimi nililihubiri dai hilo kwa walimu wapya kwa miaka, na imenibidi niwarudie wale niliowapata niwaambie nilikosea.

Kabla ya kusambaza jiulize: nani alisema, alipima nini, kwa watoto wa umri gani? Ukikosa majibu mawili kati ya hayo, usisambaze.

Hatua ya 7: Jaribu jambo moja kwa wiki mbili

Moja tu. Mimi niliandika "subiri" kwenye kona ya andalio langu, na baada ya kila swali nilihesabu moyoni hadi tatu. Siku za kwanza kimya kile kilinitisha, na wanafunzi walinitazama kama nimesahau somo. Kufikia katikati ya wiki ya pili, mtoto ambaye sikuwa nimesikia sauti yake muhula mzima alinyoosha mkono. Jirekodi tena dakika 10, uhesabu kitu kilekile, ulinganishe na namba ya kwanza.

Hatua ya 8: Rudisha ulichopata, ukiwalinda watoto

Warudie waliokusaidia, uwaambie kilichotokea, pamoja na kilichoshindikana. Mistari mitano inatosha: tatizo, nilichojaribu, nilichoona, kilichogoma, swali nililobaki nalo. Kile kilichogoma ndicho kinachomwokolea mwenzako muda.

Kuhusu picha, nakuomba uwe mkali. Niliwahi kuweka kwenye kundi picha ya daftari lenye kosa la kuvutia, jina kamili la mtoto likisomeka juu. Mwenzangu mmoja alinipigia simu faraghani kabla watu wengi hawajaiona, nikaifuta. Kosa lile halikuwa langu hata niwaonyeshe watu. Lilikuwa la mtoto. Tangu hapo siweki picha ya sura, wala jina, wala sare inayotambulisha shule. Picha ya simu huweza pia kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hiyo nazima huduma ya mahali kwenye kamera. Njia salama kuliko zote ni kulinakili kosa kwa mwandiko wako kwenye karatasi safi na kupiga picha hiyo.

Vifaa vya wengine navyo vina wenyewe. Ukiona leseni ya Creative Commons, inayoeleza mtunzi ameruhusu kazi yake itumiwe vipi, isome: zingine zinakuruhusu kubadilisha, zingine hapana, na karibu zote zinataka umtaje mtunzi. Usikate jina la mwalimu aliyetengeneza zoezi.

Hatua ya 9: Unda kikundi cha watu wanne au watano

Kundi la mia mbili ni zuri kwa kuuliza, lakini kazi ya ndani inahitaji watu wachache. Huko Japani walimu wana utamaduni wa zaidi ya miaka mia moja uitwao *jugyō kenkyū*, utafiti wa somo: wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha wanajadili walichoona. Kwa simu tunaufanya hivi: Jumatatu tunakubaliana swali moja la kuuliza madarasani. Kila mtu anauliza kwake. Ijumaa kila mmoja anatuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika 2 akieleza wanafunzi walijibu nini. Dakika 2 tumezichukua kwa walimu wa mikutano ya TeachMeet, iliyoanza Uskoti mwaka 2006, ambako mwalimu hupewa dakika 7 au 2 aseme alichofanya darasani, kisha anakaa.

Masharti yetu ni machache. Hakuna salamu za kusambazwa wala siasa. Hakuna ujumbe baada ya saa tatu usiku. Na hakuna kumsengenya mwanafunzi. Hilo la mwisho tunalisimamia kweli.

Hatua ya 10: Hifadhi nje ya kundi

Ujumbe mzuri huzama chini ya mwingine ndani ya siku moja. Kila Ijumaa, baada ya sauti za wenzangu, nahamishia kwenye daftari la karatasi mistari miwili: kilichofanya kazi, na swali linalofuata. La wiki hii limeandikwa hivi: sasa nasubiri sekunde tatu kabla mtoto hajajibu, mbona akishajibu tu nalirudia jibu lake kwa sauti yangu, kana kwamba wenzake hawakumsikia?