Mgongo na shingo vinauma? Anza na kiwiliwili

Ukilalamika mgongo hapa Kisumu, hukosi jirani wa kukwambia ulale chini upige sitapu, yaani kulala chali na kuinuka hadi kukaa, tena na tena. Kwa mtu anayeumwa, mimi nasema aachane nazo. Kazi kubwa ya misuli inayozunguka kiuno ni kukizuia kisikunjike wala kupindika huku mikono na miguu ikihangaika. Mama anayeshusha gunia la sukuma wiki soko la Kibuye anahitaji utulivu huo, na mwendesha boda anayeruka matuta na abiria wawili nyuma pia. Misuli ikilegea, mzigo unaangukia pingili, mifupa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo tunaifundisha kushikilia, muda mfupi mfupi.

Tafuta mkeka. Usifanye mara tu unapoamka: usiku diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji na kujaa, na mgongo hauvumilii kukunjwa alfajiri. Washa jiko, chota maji, ngoja kama saa moja hivi.

1. Kujikaza. Lala chali, magoti juu. Bonyeza vidole pembeni mwa kitovu, kisha kohoa kidogo. Umehisi kitu kikiruka chini ya vidole? Ndiyo misuli yenyewe. Ikaze hivyo hivyo, nguvu kiasi tu, bila kuvuta tumbo ndani. Hesabu kwa sauti hadi kumi. Sauti ikikatika, ujue umebana pumzi. Wengi huliona hili zoezi la watoto na kulipita. Kaeni hapa siku kadhaa, maana yanayofuata yote yanalitegemea.

2. Kichwa juu kidogo. Goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooka, viganja chini ya kiuno. Jikaze, inua kichwa na mabega kidogo tu kutoka mkekani. Shingo ikilalamika, ruka zoezi hili.

3. Ubavu. Lala upande, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Badili upande.

4. Mkono na mguu kinyume. Piga magoti, viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Mwambie mtu akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikimwagika, nyonga imepinda. Basi nyoosha mguu peke yake kwanza.

Haya matatu, la 2 hadi la 4, yalipangwa na Stuart McGill, mtafiti wa mgongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Shikilia sekunde 8 hadi 10, si zaidi. Rudia mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2.

5. Shingo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na ukiinamia simu misuli ya nyuma ndiyo inayokishikilia. Lala chali, itikia “ndiyo” kidogo sana hadi kidevu kirudi nyuma, kichwa kikibaki chini. Sekunde 5, mara 10.

MASWALI

Mwalimu, mimi ni wa boda, Kondele. Ninunue mkanda wa mgongo?
Hifadhi pesa zako, ndugu yangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda. Unapendekeza mazoezi. Ukingoja abiria, shuka kwenye pikipiki utembee.

Mimi ni fundi cherehani, Nakuru. Shingo inauma hadi begani.
Sogeza kiti karibu na mashine, uinamie kutoka nyongani badala ya shingoni. Kila nusu saa simama. Vitambaa vikate ukiwa wima, kwenye meza ndefu. Zoezi la 5 fanya hata ukiwa umekaa.

Nina mtoto wa miezi miwili. Naweza?
La 1 sawa, mama, taratibu. La 2 liache kwanza, hasa ukiona tumbo linatuna mstari katikati unapoinua kichwa. Kama ulijifungua kwa upasuaji, kliniki waidhinishe kabla hujaanza lolote.

Maumivu yanashuka mguuni hadi wayoni. Niendelee?
Zoezi linaloyasukuma mbali zaidi chini, liache. Mguu ukikosa nguvu, ukipata ganzi katikati ya mapaja, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Na mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda upimwe: kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo.

Wiki ya tatu hii na bado naumwa. Ni kazi bure?
Bado mapema. Wengi huhitaji wiki 6 hadi 12. Kwanza uangalie, je, unaweza kukaa kanisani au kwenye matatu muda mrefu kuliko zamani? Hilo mara nyingi hutangulia maumivu kupungua.

Na jembe je? Msimu umefika.
Lima, mzee wangu, lakini mpini uwe mrefu, na jikaze kabla ya kila pigo. Palizi ya kuinama waachie vijana wiki hizi.